Mwito wa Tatu Chini ya Mabati

Asubuhi ya Alhamisi viatu vya Constantin vilikutwa vimelowa, na mvua ilikuwa haijanyesha Likasi kwa siku tisa.

Bibiane, mkewe, ndiye aliyeviona. Alikuwa ameamka kuwasha makaa kwenye jiko la mbabula, akapita mlangoni ambapo viatu vya nyumba nzima hupangwa usiku: ndara zake, viatu vya shule vya binti yao Emmanuella, na viatu vyeusi vya ngozi ambavyo yeye mwenyewe alimnunulia mumewe mwezi wa Desemba, walipotimiza miaka kumi na tisa ya ndoa. Sakafu ilikuwa kavu. Ndara zilikuwa kavu. Alipoinua kiatu cha kulia na kukiinamisha, maji mekundu yalimwagika, kiasi cha kikombe cha chai.

"Papa Emma," alisema kwa sauti ya chini, mtoto asiamke. "Ulienda fasi gani na ivi biatu?"

"Minye? Nilikuwa nalala. Weye njo ulikuwa unanisukuma juu ya kukoroma."

"Basi bilienda byenyewe."

Constantin alichuchumaa. Alikuwa mtu wa kupima mambo. Alisoma sheria Lubumbashi miaka mitano, akakosa nafasi ya uhakimu, akaishia kuwa huissier, yule afisa wa mahakama ambaye kazi yake kubwa siku ya kesi ni kuita majina ya watu. Alikagua mabati, hakuona tundu. Alipapasa ukuta, ulikuwa mkavu. Kisha akanusa kiatu, akainuka haraka kuliko alivyokusudia. Hakikunuka ngozi wala jasho. Kilinuka karatasi iliyolowa, kama faili lililokaa majini hadi wino wake ukaanza kuoza.

"Ni nini?" Bibiane aliuliza.

"Hakuna kintu. Bianike tu ku jua."

Harufu hiyo aliijua. Hakutaka kusema aliijua wapi.

Siku ishirini na tatu kabla ya hapo, Jumanne, mahakama ilikaa katika ukumbi wa zamani wa dansi uliokodiwa kwa muda. Ukumbi haukuwa na dari. Juu ya vichwa vya watu palikuwa na mabati matupu. Kwenye orodha kulikuwa na kesi kumi na nne, zimepangwa kwa jinsi mafaili yalivyotokea kufika mezani. Kesi ya tano ilipoisha, mvua ikaanza. Kesi ya sita ilikuwa ya Hervé Kasongo, mnunuzi wa madini, aliyedai nyumba moja ya kambi ya wafanyakazi huko Shituru iliyoachwa na mjomba wake. Mdaiwa alikuwa mjane wa mjomba huyo, Mwadi Tshimanga.

"Mwadi Tshimanga," Constantin aliita kutoka katikati ya ukumbi, akajisikia kama mtu anayesema akiwa ndani ya ngoma. Aliita mara ya pili kwa nguvu zaidi. Mwito wa tatu, kwa desturi yake ya miaka kumi na moja, aliutolea nje: hukanyaga kizingiti na kugeuza uso uani, wanakosimama waliokosa nafasi. Lakini siku ile maji mekundu yalikuwa yamejaa pale kizingitini, yanafika kwenye kifundo cha mguu, na yeye alikuwa amevaa viatu vipya alivyonunuliwa na Bibiane. Alisimama hatua mbili ndani, akaita mara ya tatu kutokea hapo. Alihesabu moyoni hadi kumi, kama alivyozoea. Akageuka.

"Hayupo, Mheshimiwa."

Hakimu, mtu mwema aliyekuwa na mafua siku hiyo, aliandika mistari mitatu. Mdaiwa ameitwa, hakujibu, nyumba ni ya mdai. Shauri zima lilichukua dakika nne.

Mvua ilikatika katikati ya kesi ya nane. Hapo mwanamke mwembamba aliingia, akitokea nyuma ya ukumbi ambako alikuwa amejibanza chini ya ukingo wa bati tangu saa mbili asubuhi. Alikuwa ameshika mfuko wa plastiki kifuani. Mfuko ulikuwa umetoboka. Hati za ndoa, hati za nyumba na barua za kampuni vilikuwa vimegandana kuwa kitu kimoja kizito chenye kunuka.

"Papa huissier, bado banaita jina yangu?"

Constantin alimwambia. Mwadi hakulia, hakupandisha sauti.

"Uliniita?"

"Mara tatu, mama."

"Minye nilikuwa apa. Apa tu, nyuma ya ukuta."

"Ni mvua, mama. Iko siku kumi na tano za kufanya opposition, kupinga hukumu. Ukifika mbele hizo siku ziishe, kesi itafunguliwa tena. Usichelewe."

"Nitarudia apa," Mwadi alisema. Alimtazama miguuni, kwenye viatu ambavyo siku ile ya matope vilikuwa vinang'aa bado. "Nitarudia. Na siku ile uniite muzuri."

Jumapili iliyofuata, Hervé alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alikuwa amevaa koti jeupe.

"Bandugu, avocat wangu wa kesi aliniambia hivi: Hervé, ile mama iko na papier yote ya nyumba, tutashindwa. Sasa Mungu alifanya nini? Alifungua mbingu." Watu walicheka, wakaanza kupiga makofi. "Mulishaona avocat wa kupiga kelele kama mvua? Na haombe hata facture ya malipo."

Bibiane, aliyekuwa kwenye kwaya na vazi aliloshona mwenyewe, alipiga makofi pamoja na wenzake mpaka alipomwona mumewe. Mikono ya Constantin ilikuwa juu ya magoti.

Njiani kurudi nyumbani Bibiane alimuuliza, naye akamweleza. Alimweleza kila kitu, hata kizingiti, hata viatu. Walipofika kwenye reli Bibiane alisimama.

"Kama ningekununulia shati," alisema.

"Apana, Mama Emma. Haiko weye. Kama kesi ya tano ingekawia. Kama faili yake ingekuwa juu ya ile ingine. Kama mvua ingengoya robo saa. Iko na 'kama' mingi sana."

"Basi sheria ni nini?"

Alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu alikuwa amesoma jambo hilo miaka mitano. "Ni kile kinabakia kama mvua imeisha," alisema.

Jioni ya Alhamisi ile ya viatu, mgeni alikuja. Alikuwa Mama Viviane, kiongozi wa kikundi cha maombi, aliyekaa Shituru nyumba ya tatu kutoka ile ya kesi. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai.

"Mwadi alikufa," alisema. "Alikuwa kwa dada yake kule Kakanda. Homa. Siku ya kumi na mbili kutoka jugement ya ile kesi."

Constantin alihesabu. Siku tatu zilikuwa zimebaki.

"Walimuzika lini, mama?"

"Siku ile mvua ya mwisho ilinyesha. Kaburi ilijaa maji, ikafaa wangoje. Dada yake anasema mu homa alikuwa anauliza kintu kimoja tu: banaita? Banaita? Mukono yake juu, kama muntu mwenye kuitwa jina ku tribunal."

Bibiane aliinuka, akaenda kutazama viatu vilivyoanikwa dirishani. Vilikuwa vimekaa juani siku nzima. Aliviinamisha, na maji yakatoka.

Mvua ilirudi Jumamosi, saa tisa alasiri. Bibiane alikuwa kwenye cherehani akishona mavazi ya kwaya, Emmanuella yuko chini ya meza na kitabu chake cha hesabu, Constantin anakarabati redio. Matone ya kwanza yaligonga bati, kisha mengine, kisha sauti zote za mtaa zikafutika. Harufu ya karatasi mbichi ikaingia kupitia chini ya mlango. Cherehani ikasimama.

"Constantin."

Sauti ilitokea nje, kizingitini. Haikuwa ya mwanamke. Ilikuwa sauti ya mwanamume aliyezoea kuita, yenye kuvuta silabi ya mwisho ili ifike mbali.

"Constantin."

Alifungua mdomo ajibu, kama yeyote anavyojibu jina lake. Kiganja cha Bibiane kilifika kabla ya neno, kikamfunga midomo. Subana ya kushonea aliyovaa kidoleni iligonga meno ya mumewe. Walibaki hivyo. Kisha, ghafla kama ilivyoanza, mvua ikakatika, na ng'ambo ya ukuta jirani akasikika anamkaripia kuku.

"Kambo alitufundisha vile kule Mulungwishi," Bibiane alisema akimtaja bibi yake, huku akimtazama Emmanuella chini ya meza, kwa sababu somo lilikuwa la mtoto pia. "Kama sauti inakuita na hauone muntu, usijibu ya kwanza, usijibu ya pili. Muzimu haifikake ku ya tatu. Ya tatu ni ya muntu."

"Kumbe njo juu ya ile unakawiaka kunijibu," Constantin alisema. Alitaka sauti yake iwe ya mzaha. "Na minye niko muntu mara tatu kila Jumanne."

Emmanuella alicheka. Alikuwa na miaka tisa. Kisha akauliza, "Papa, juu ya nini sauti ilikuwa ya weye?"

Bibiane alirudi kwenye cherehani, akakanyaga, lakini uzi ulikuwa umekatika. Usiku huo Constantin alilala macho, akifikiria jambo moja: mvua ilikatika baada ya mwito wa pili. Ingeendelea nusu dakika, wa tatu ungekuja, na mkono wa mkewe ungeshuka, kwa kuwa wa tatu ni wa mtu. Hakuwa ameokolewa na hekima ya yeyote. Alikuwa ameokolewa na wingu dogo. Alifikiria pia kwamba mvua ya Mwadi haikukatika mapema hivyo.

Jumanne alikwenda kazini na viatu vya zamani. Alikuwa ameamua kwamba kila mwito wa tatu utatolewa nje, hata maji yafike magotini. Kabla ya kutoka alimwambia Bibiane asifungue mlango mvua ikinyesha. Bibiane alimwambia asisahau mwavuli. Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoambiana, na Constantin amejaribu mara nyingi kukumbuka kama alimgeukia alipoyasema.

Mvua ilianza saa saba na robo. Constantin alikuwa amesimama majini nje ya ukumbi, akiita jina la mwuza makaa aliyekuwa amemshtaki mkwewe. Aliliita mara ya tatu kwa nguvu zake zote, na mwuza makaa akaitika kutoka chini ya mti, akaja mbio huku anacheka kwa furaha, amenusurika.

Yaliyotokea nyumbani saa ile ile aliyapata kwa Emmanuella, kidogo kidogo, kwa siku nyingi. Mtoto alikuwa ametoka shule na anakula, Mama alikuwa anapinda ukosi wa vazi la mwisho, mvua ilipogonga bati harufu ikaja, harufu kama ya daftari lililoanguka mtoni, na Mama akasema tukae kimya, akaweka kidole mdomoni, na sauti ya Papa ikaita kutoka mlangoni, "Bibiane," nayo ilikuwa ya Papa kabisa, na Mama akainua kidole kimoja kumwonyesha mtoto kwamba hiyo ni ya kwanza, na bati likazidi kunguruma, na sauti ikaita tena, na Mama akainua vidole viwili, akatabasamu kidogo kama mtu anayefundisha mchezo, na wakangoja, na walipongoja muda ulikuwa mrefu hata mtoto akadhani imekwisha, kisha sauti ikaita mara ya tatu, polepole, ikivuta silabi ya mwisho kama Papa anavyoivuta akiwa amechoka na amelowa na anataka kufunguliwa, na Mama akashusha mkono, akapumua, akasema, "Aa, ni yeye, Papa yako alisahau mwavuli," akainuka, akaenda mlangoni huku anajibu, "Niko."

Majirani walimkuta ameketi kizingitini, mgongo ukutani, miguu ndani ya maji mekundu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuliwa hadi usawa wa sikio, kama wanavyouinua watu wanaposikia majina yao mahakamani. Ulikuwa umekakamaa hivyo. Daktari alisema ni moyo, umesimama tu, hutokea. Mwavuli ulikuwa kwenye ukumbi wa mahakama, umetundikwa ndoanoni na Constantin.

"Ulimuita Mama," Emmanuella alimwambia usiku huo, katikati ya wanawake wa kilio. Hakuwa analaumu. Alitaka kujua. "Ulimuita mara tatu, Papa. Juu ya nini?"

Usiku ule Constantin alielewa kosa lao. Bibi wa Mulungwishi alikuwa amesema kweli kuhusu mizimu ya mtoni na ya msituni, ambayo haikufundishwa na mtu kuita. Hii ilikuwa ya mahakamani. Ilikuwa imesimama nyuma ya ukuta tangu asubuhi ikingoja mwito wa tatu, na sasa ilikuwa imeujua.

Baada ya maziko alimketisha mtoto kitandani.

"Usijibu ya kwanza, usijibu ya pili, usijibu ya tatu. Usijibu hata moja."

"Na kama ni weye kweli?"

"Minye sitakuita tena na jina. Nitakuya karibu na weye, nitakugusa kichwa. Kama haukuguswa, haiko minye."

"Hata kama chakula imeiva?"

"Hata kama chakula imeiva."

Hivyo nyumba ile ikawa nyumba isiyo na majina. Mtu aliyezoea kuita majina thelathini kwa siku alikuwa akivuka chumba kizima ili aguse nywele za mwanawe. Siku ya sita mvua ilinyesha jioni, na sauti yake mwenyewe ikaita kutoka kizingitini, "Emmanuella." Mtoto alikuwa mapajani pake. Constantin alimziba masikio kwa viganja, lakini aliuhisi mwili mdogo unashtuka kwa mwito wa kwanza, unakakamaa kwa wa pili, na kwa wa tatu, ambao ulikuja laini, wenye upendo, sawasawa na alivyokuwa akimwita asubuhi za shule, mtoto alijiuma mkono hadi damu ikatoka.

Kesho yake alimpeleka kwa Mama Viviane.

Mama Viviane aliomba saa nzima, mafuta mkononi, jasho usoni. Kisha akafunga chupa ya mafuta.

"Nimefukuza mademon mingi, baba," alisema. "Hii hainisikie. Haiko demon. Ni muntu mwenye kungoya. Muntu mwenye kungoya haumufukuze, unamuita."

"Na minye niliita."

"Uliita fasi gani?"

Constantin alitazama miguu yake. "Ndani," alisema.

"Njo ivo. Kama mvua ikikuya, uende kule ku tribunal. Mutoto atabakia na minye. Na sikia muzuri, baba: umuite yeye tu. Fungua mulango kwa muntu moja, kisha uufunge. Usilete ingine."

Alielewa alichoonywa, na akaahidi.

Mvua ilikuja Jumapili mchana, ukumbi ukiwa mtupu. Funguo zilikuwa zake. Alivaa viatu vyeusi, akawasha taa moja, akaweka juu ya meza ya hakimu orodha ya Jumanne ya kesi ya Mwadi. Alisimama katikati ya viti vitupu.

"Mwadi Tshimanga."

Bati lilimeza jina. Aliita mara ya pili. Kisha akatembea hadi mlangoni, na kwa mwito wa tatu hakusimama hatua mbili ndani, aliingiza mguu wa kulia katika maji, kisha wa kushoto, akahisi ngozi mpya inajaa na kuwa nzito, akageuza uso kwenye ua uliokuwa mweupe kwa mvua, akaita kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa, mpaka koo likachanika, akaanza kuhesabu, na alipofika saba harufu ya karatasi ikamjia puani, na nane mvua nyuma ya ukuta ikabadilika mlio kama mvua inayopiga nguo badala ya ardhi, na tisa mtu akasema karibu sana na sikio lake, kwa sauti ya uchovu isiyokuwa na hasira hata kidogo, "Niko."

Kitu baridi kilimpita begani kikaingia. Juu ya saruji kavu ya ukumbi nyayo za maji zilijitokeza, moja baada ya nyingine, hadi mbele ya meza. Hapo zikasimama.

Constantin alizifuata. Aliandika wazi, mbele ya jina, juu ya neno la zamani, hayupo, alilolipiga mstari: Mdaiwa yupo. Akatia tarehe na sahihi. Karatasi ile haina nguvu yoyote kisheria. Anajua hivyo kuliko mtu yeyote. Alipoinua kichwa, nyayo zilikuwa zinakauka kuanzia kingo kwenda katikati, na harufu ilikuwa imekwisha.

Angeondoka hapo, hadithi hii ingekwisha vizuri.

Lakini mlango ulikuwa wazi, na mvua ilikuwa bado inanyesha, na mahali ambapo mfu alitoka kuitika palikuwa hatua kumi na mbili tu kutoka aliposimama. Alikuwa ameahidi. Alikumbuka ahadi yake neno kwa neno huku akitembea kurudi kizingitini. Aliingia majini, akaita jina la mkewe. Aliliita mara ya pili. Aliliita mara ya tatu kama alivyoliita miaka kumi na tisa, si kwa sauti ya kazi. Akahesabu hadi kumi, akahesabu tena hadi kumi, akahesabu mpaka mvua ikaisha. Hakuna aliyejibu. Alifunga ukumbi, akaenda kumchukua binti yake.

Mwadi hakurudi tena. Viatu vilikauka na vimebaki vikavu. Hervé Kasongo hajawahi kusikia lolote. Anakaa katika nyumba ile ya Shituru hadi leo, ameipaka rangi, analala vizuri. Bahati yake haijakatika.

Jumatano iliyofuata mvua ilinyesha saa kumi na moja jioni. Constantin alikuwa anamenya viazi. Emmanuella alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, ambayo hakuna aliyeigusa tangu siku ile, na uzi wa vazi la mwisho ulikuwa bado ndani ya sindano. Hakukuja harufu ya karatasi. Ilikuja harufu ya makaa yanayoanza kushika na ya sabuni, harufu ya asubuhi zao zote.

"Constantin."

Kisu kilimwanguka. Hii haikuwa sauti yake mwenyewe. Ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeita bila kutaka kumwamsha mtoto.

Emmanuella alikuwa ameshuka kwenye kiti. Alikuja, akamgusa kichwa, kama walivyopatana.

"Papa," alinong'ona. "Ni Mama. Eko mu mvua."

"Najua."

"Alikusikia. Ulimuita, akakawia tu njiani."

"Najua, mama yangu. Nyamaza."

"Constantin," sauti iliita mara ya pili, na kulikuwa na kitu kama kicheko ndani yake, kicheko cha mke anayejua kwamba mume yumo ndani na anajifanya hasikii. Mlango ulikuwa hatua tano. Alimtazama binti yake, mkono wake mdogo wenye kovu la meno, viatu vya shule vilivyopangwa kando ya vya baba yake bila ndara za mtu yeyote kati yao. Kama yupo wa kubaki na mtoto huyu, ni yeye tu. Aliuvuta uso wa mtoto kifuani, akauma ulimi wake.

Mwito wa tatu ulikuja.

Kisha kukawa na kile kimya anachokijua kuliko wote wa mji ule, kimya cha aliyeita na anasubiri. Kina urefu wake. Alikihesabu chote, hata moja hakuiruka, huku mvua ikipiga bati na mtu wake amesimama majini nje ya mlango wao. Saba. Nane. Tisa. Kumi.

Kisha, kwa sababu lazima mtu aseme, akatamka bila sauti, kwa midomo tu:

Hayupo.